Jina la Ukoo

Usiku mama alinisimamisha jikoni,
mwiko mkononi kama nyundo ya hakimu.
Mjumbe wa nyumba kumi ni nani?
Mzee Kirumbuyo Tesha.
Bibi yako kazikwa wapi?
Kibosho, kihambani, kati ya migomba miwili ya mshare,
upande unaopata ukungu kwanza.
Tena. Usimung'unye maneno.

Baba alikuwa anasugua grisi kwa sabuni na mchanga,
mikono ile inayofufua mashine za kukoboa kahawa
toka Kiboriloni hadi Uru.
Akacheka puani.
Hata babu yangu, akasema, alifundishwa hivi.

Hadithi hii huitoa kidogo kidogo
kama mtu anayejitoa mwiba.
Kule Taishan shamba lilikuwa dogo kuliko midomo,
na ng'ambo ya bahari kulikuwa na nchi
iliyoandika kwa mwandiko mzuri:
Mchina asiingie.
Ila mwana wa aliyekwisha kuingia, huyo apite.
Basi babu akanunua baba.
Akanunua jina, Mui, kwa deni la miaka kumi na mmoja,
na la kwake, Tam, akamwachia mkewe
alitunze pamoja na mtoto na kuku wawili.

Jina lilikuja na kijitabu:
Nyumba yenu ina ngazi ngapi mlangoni?
Kisima kiko upande gani?
Jirani wa tatu ameoa mara ngapi?
Mbwa wenu ana rangi gani?
Melini alikariri nyumba asiyoijua
mpaka akaanza kuiota,
mpaka mbwa yule akamlamba mkono usingizini,
kisha kurasa akazitupa majini, moja moja.

Akapita.
Akafua mashati ya watu miaka arobaini.
Barua zake kwa mwanawe zilianza "Mpwa wangu",
maana huenda karani angefungua bahasha,
na mtoto akakua akijua ana mjomba mwema huko mbali,
mwenye hela, asiyekuja.
Jiwe la kaburi limeandikwa Mui.
Hakuna Mui aliyekwenda kulia pale.

Sasa mimi, Mkunde Tam,
niliyetimiza kumi na nane mwezi wa pili,
niko dirishani Uhamiaji, hapa Moshi,
na kalamu imefungwa kwa uzi isije ikahama.
Sheria haitaki mtu wa nchi mbili.
Ya mama naishika, ya baba naiweka chini,
taratibu, kama sahani isiyo yangu.
Baba mwenyewe kakaa nje kwenye benchi.
Mke hawezi kumvika mume uraia;
miaka ishirini na mitatu ya ndoa,
na kibali chake bado kina tarehe ya kufa.

Sokoni Mbuyuni huniita Mchina.
Taishan nilikwenda mara moja tu,
na watoto wakapanga foleni kunishika nywele.

Afisa ana mafua. Haniangalii.
"Jina la ukoo, upande wa baba?"

Nikanyamaza.
Majibu yangu yote ni ya kweli,
sikununua hata moja,
kaburi la bibi nimelipalilia kwa mikono hii,
na bado ulimi ukakauka
kama wa mtu aliyejifunza nyumba ya watu.
Tam, nikasema.
"Tamu?"
Tam. Bila u.
Akaandika. Sikuona aliandikaje.

Nje jua lilikuwa kali, mlima umejifunika.
Baba akainuka, akajipangusa suruali,
hakuuliza walisemaje.
Tulipofika chini akanigeukia, akaninong'oneza,
nusu utani, nusu sijui nini:
Ngazi ni saba, nimezihesabu.
Usisahau, wakija kukuuliza.